Walimwambia Binti Yangu Dawa ni Shaka

Muuguzi aliniuliza, "Mama, dawa aliacha lini?" Nikamjibu, "Hajaacha."

Binti yangu alikuwa amelala pale kitandani, macho yamegeuka manjano, na alinisikia. Aligeuza uso akaniangalia. Muuguzi akaandika vile nilivyosema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Niliogopa ushuhuda wetu wa kanisani utaharibika. Hayo niliyomjibu ndiyo maneno ya mwisho mtoto wangu alisikia kutoka kwangu akiwa na fahamu zake, na yalikuwa uongo. Kufika saa nane mchana alikuwa amekwisha. Miaka kumi na sita.

Wacha nirudi nyuma niseme ni nani walitufikisha pale.

Mimi niliishia darasa la tano. Nauza omena, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Malaba, nazifuata Sio Port mwenyewe. Huyu mtoto alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao sisi huita sikoseli. Tangu akiwa mdogo tulikuwa tunaenda kliniki Busia kila mwezi, na kila asubuhi anameza vidonge viwili, kimoja cha damu, kimoja cha kuzuia malaria. Kukiwa na baridi mifupa ilimtesa, lakini aliishi. Alisoma. Alikuwa ananisomea Biblia nikichagua mchanga kwenye omena, na mahali haelewi anasimama.

"Mama, huyu Ayubu alikosa nini hasa?"

"Soma tu, utaelewa mbele."

"Mbele nimeshafika, mama. Hawasemi."

Kisha ukaja mkutano wa injili, uwanja ule karibu na mahali malori yanapanga foleni ya kuvuka mpaka. Mchungaji wetu akaita wagonjwa. Akamwekea binti yangu mikono, na kweli siku hiyo hakuwa na maumivu. Mchungaji akampa kipaza sauti, "Waambie watu umepona." Mtoto akatafuta uso wangu kwa umati. Mimi nilikuwa napiga makofi. Akasema, "Nimepona."

Kwa kanisa letu ushuhuda ukishatoka mdomoni haurudi. Ukionekana tena hospitali wanasema umerudisha ushuhuda, na unakalia benchi la nyuma kabisa mpaka utubu mbele ya watu. Kwa hivyo kliniki tukaenda kwa kujificha. Watu wakiuliza, tunasema tunaenda Nambale kumsalimia dada yangu. Mtoto hakupenda. Alikuwa ananiambia, "Mama, tunamdanganya nani?"

Baadaye mchungaji akaleta mwalimu wa vijana, kijana ametoka chuo cha Biblia, kiatu kimechongoka. Akaanzisha saa ya maswali kila Jumamosi. Vijana wanaandika lile swali linawasumbua kuhusu imani, bila jina, wanatia kwa ndoo, yeye anatoa na kujibu. Binti yangu alifurahi sana. Mimi nilikuwa wa kupika chai, kwa hivyo nilikuwepo siku mwalimu alikunjua karatasi akasoma: "Mtu akishuhudia amepona na bado anaumwa, Mungu amekosea au yeye ni mwongo?"

Mwalimu akacheka. "Ala! Leo Tomaso mwenye shaka amekuja kanisani!"

Kijana mmoja akapiga kelele, "Tomaso, inua mkono tuuone!" Wakaangua kicheko wote.

"Mungu hakosei," mwalimu akasema. "Shida ni mtu wa mguu mmoja kwa Yesu, mguu mwingine hospitali. Dawa ni shaka ya kumeza. Mwenye hili swali anajijua. Kesho aweke dawa zake madhabahuni."

Binti yangu akainua mkono. "Mwalimu, na Luka? Si Biblia inasema alikuwa daktari?"

Mwalimu akasema, "Dada, usishindane na Neno." Akachukua karatasi nyingine.

Tukifika nyumbani akaniuliza, "Mama, wewe unasemaje?"

Aliniuliza mimi, niliyembeba mgongoni mpaka kliniki miaka yote hiyo. Nilijua jibu. Nikamwambia, "Mwalimu amesoma. Mimi na wewe tumesoma nini?"

Jumapili akapeleka vidonge kwa kopo lake. Mchungaji akaliinua juu, kanisa likalipuka kwa shangwe. Nami nilipiga vigelegele, sitaficha. Mtoto akarudi akaketi karibu nami, mikono magotini, kama mtu amenyang'anywa kitu na anaambiwa ashukuru.

Malaria ilimpata mvua ilipoanza. Nilimpigia mchungaji. Akaniambia, "Mama, hiyo ni vita tu. Usimpeleke popote, tunafunga na kuomba siku tatu." Siku ya kwanza alitapika. Siku ya pili mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Siku ya tatu hakuweza kukaa, nikambeba kwa boda boda, nikamfunga kwangu na leso yangu ya kiunoni ili asianguke. Yale ya wadi nimeshasema.

Kaburini mchungaji alihubiri kwamba sasa amepata uponyaji kamili. Watu wakasema amina. Tukitoka akaninong'oneza kwamba pengine imani ilipungua ndani ya nyumba. Mwalimu hata mazishi hakuja. Amehamia Busia mjini, kwa kanisa kubwa zaidi. Nilienda mwezi uliopita nikasimama dirishani. Vijana walijaa, wameinama wanaandika maswali yao, na wanamwamini. Nilirudi nyumbani bila kusema neno, na hilo pia linanila.

Kosa langu nimelitaja, nimelitaja hata kwa yule muuguzi, nilirudi nikamwambia. Hakunigombeza. Alikaa chini.

Sasa zamu yao. Sitaki waniletee sukari ya matanga, sitaki waje nyumbani kuniombea. Nataka mchungaji na mwalimu wasimame Jumamosi mbele ya hao vijana wa Busia, waseme kwa midomo yao kwamba kuna msichana walimwambia aache dawa, akaacha, akafa. Na kijana yeyote akiinua mkono kuuliza kwa nini walifanya hivyo, asichekwe. Wamjibu.