Mgeni kwenye Jua la Kwao

Baba mkubwa alifanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha maziwa, huko milimani, tangu mimi sijazaliwa mpaka nikawa na duka langu. Ni kaka wa baba yangu, na kama baba, naye alizaliwa hapa bondeni, ambako jua likishapanda kidogo tu paka anatafuta uvungu. Alipoondoka hapa alikuwa kijana wa shati moja. Huko alikokwenda walimvalisha koti zito, glovu na buti, wakamfungulia mlango wa chuma, wakamwambia haya, ingia upange makopo.

"Siku ile baridi niliisikia mpaka kwenye meno," alikuwa akitusimulia kila alipokuja likizo, na likizo yake iliangukia miezi ya mvua miaka yote. Lakini alizoea, hadi ikawa yeye ndiye anayewapokea wafanyakazi wapya. Alimwingiza mtu kidogo, akamtoa nje apashe viganja joto, akamwingiza tena, na kesho yake akamwongezea muda. Aliyejifanya jasiri na kukataa kutoka, baba mkubwa alimburuta kwa ukosi wa koti. Haya tuliyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, na nawaomba myashike, maana yeye aliyasahau.

Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu duniani, kupanda matikiti kwenye shamba la marehemu mama yao. Shamba lenyewe linaanzia nyuma ya duka langu na kuteremka hadi mtoni. Tangu bibi afariki limekuwa pori, na baba yangu, ambaye ni fundi baiskeli na hapendi kuinama kwa kitu kisichokuwa na magurudumu, alikuwa amechoka kulifyeka. Mfyatua matofali alikuwa ameshakuja kuliulizia mara kadhaa. Udongo wake ni mzuri, na kila anapopita mfyatua matofali hubaki mashimo na vyura.

"Kaka akilima, shamba ni lake," baba alisema. "Mvua za kwanza zikikuta halijalimwa, nampa mfyatua matofali. Sina maneno mengi."

Sasa, aliyetutia wasiwasi hakuwa baba mkubwa bali mkewe. Mama mkubwa ni mzaliwa wa milimani, na ukoo mzima ulikubaliana kwamba akifika hapa atayeyuka. Mimi nauza barafu na maji ya kunywa, joto ndilo linalonilisha, kwa hiyo nilimtengea ndoo nzima ya barafu. Mama mkubwa alishuka kwenye gari akiwa na sweta. Akalivua, akalikunja vizuri, akauliza jiko liko wapi.

"Mama mkubwa, pumzika kwanza, joto hili litakumaliza," nikamwambia.

"Joto hili tunajuana, mwanangu. Ila kule kwetu lilikuwa linakaa jikoni tu."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akikoroga masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ng'ombe. Mume akitetemeka kwenye makopo ya maziwa, mke alikuwa anachemka mbele ya moto. Hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria hilo.

Aliyeyeyuka ni mwenye kwao. Asubuhi ya kwanza tulimkuta baba mkubwa amelala chini kwenye sakafu, godoro kalitupa kule, macho mekundu. Alidai mgongo unamuuma, sakafu inamnyoosha. Baba yangu akacheka mpaka akashika mlango.

"Mgeni wetu ameamkaje?" akamwuliza. "Wewe starehe tu, kaka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Ni utani wa kila siku, tunawatania hivyo hata mashemeji. Lakini baba mkubwa alisimama wima. Mtu aliyehesabu miaka akisubiri kurudi kwao, unamwita mgeni kwenye mlango wa mama yake. Niliona usoni kwamba neno limemchoma.

"Mimi si mgeni," akasema. "Siku mbili zenu sizitaki."

Akachukua jembe siku hiyo hiyo, chai hata hajamaliza. Alilima asubuhi, akalima jua likipanda, akalima jua la utosi, saa ambayo hata mbuzi wameshajibanza kivulini. Niliwatuma watu wawili wakamwambie apumzike, akawajibu kwamba alikuwa akilima hapo kabla wao hawajaota meno. Ubishi huo ni wa ukoo wetu, siwezi kumsingizia mtu mwingine.

Nilikuwa dukani nikivunja barafu nilipomwona ameegemea mpini kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitafuta. Akakaa, kisha akalala. Nilikimbia na ndoo yangu, mama mkubwa akanipita njiani na sikudhani mtu wa umri wake anaweza. Tulimvuta kivulini, tukamvua shati, tukamfunika shuka lililoloweshwa, na mama mkubwa akampepea kwa sinia.

"Fungeni mlango," baba mkubwa alikuwa akisema, amefumba macho. "Fungeni mlango, maziwa yataharibika."

Niliogopa sana. Tukamkimbiza zahanati, huko wakampoza, wakamtilia maji kwenye mshipa, na muuguzi akatueleza bila kuzunguka kwamba joto lilikuwa limempanda vibaya. Apumzike, akasema, na kama mwili wake haulipokei tena jua la huku, tumrudishe milimani.

Kurudi milimani maana yake ilikuwa kulala kwenye kochi la mtoto wake wa kiume, na shamba kuwa mashimo. Baba mkubwa aliporudi nyumbani aligeukia ukutani akalia kimya kimya, mabega yakitikisika. Baba yangu alisimama mlangoni, akaenda kukaza spoki. Nilimkasirikia, halafu nikaona hata spoki zenyewe anazikaza vibaya.

Jioni mama mkubwa alikaa kwenye kigoda kando ya mumewe, akimenya vitunguu.

"Mzee," akamwita. "Kijana mpya, siku ya kwanza ulikuwa unamwacha ndani ya baridi kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Vidole vikianza kuuma, namtoa."

"Na yule anayesema yeye hatolewi?"

"Mjinga huyo. Namburuta."

"Basi leo umeburutwa."

Kisha godoro likaanza kutikisika, na safari hii ilikuwa kicheko.

"Lakini mama, mimi ni mwenyeji hapa," akasema alipotulia.

"Wewe ni mwenyeji, nani anakataa? Mwili wako ndio mgeni. Tena si mgeni wa siku mbili. Sisi jikoni mpishi mpya tulimwanzisha kwenye kumenya, tukamsogeza motoni taratibu. Na wewe utaingia juani kama ulivyowaingiza wenzako kwenye baridi."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi neno hilo nilikuwa nalisikia tu, siku hiyo nikaliona limekaa kwenye kigoda na kisu mkononi.

Alipopata nguvu wakaanza. Baba mkubwa aliingia shambani kulipokucha, akalima kidogo, na mama mkubwa akiwa ukingoni akaita, "Toka." Anatoka, anakaa kivulini, anakunywa maji yenye chumvi kidogo, anarudi. Kesho yake anaongezewa. Wapita njia walipata burudani. Baba yangu naye alimwuliza kama huko ni kulima au kuchungulia. Baba mkubwa alinyamaza, na kwa mtu wa ukoo wetu hiyo peke yake ni kazi ngumu kuliko kulima.

Mimi nilikuwa na mashaka, sitaficha. Siku za mwanzo alitoka uso umeiva, moyo unamwenda mbio, na mashimo aliyochimba yangetosha kupanda matikiti ya mtu mmoja mwenye kiu. Nilimpelekea maji na nikawa naangalia mawingu. Lakini wiki ya pili mama mkubwa alimshika mgongoni, akanionyesha kiganja chake kimelowa.

"Unaona? Zamani jasho lilikuwa linachelewa. Sasa linatangulia kazi. Mwili umeanza kukumbuka."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya kule mtoni baba alipokuja na mfyatua matofali, aliyebeba kamba ya kupimia. Jua lilikuwa limepanda. Walipita kando ya duka langu wakasimama. Mashimo yalikuwa yamepangwa mistari kwa mistari hadi karibu na maji, kila shimo na samadi yake, na katikati alisimama baba mkubwa, shati limegandana na mwili, anapiga mluzi. Mfyatua matofali alitazama, akaikunja kamba yake, akanunua maji baridi kwangu, akaenda zake.

Baba alibaki peke yake ukingoni. Baadaye akavua kandambili, akaingia, akanyoosha mkono, na kaka yake akampa jembe. Baba yangu anashinda kivulini kwenye kibanda cha baiskeli mwaka mzima. Alichimba shimo la kwanza kwa fujo, la pili kwa heshima, la tatu hakulimaliza. Akaegemea mpini, anahema.

Nilimsubiri baba mkubwa alipe kisasi. Nafasi alikuwa nayo, na maneno anayo. Alimwendea, akalichukua jembe taratibu mkononi mwake, akamfuta udongo begani.

"Mgeni wetu," akamwambia, "toka kidogo upumue. Kesho utaongeza."

Baba akatoka. Kesho yake asubuhi alikuja na jembe lake mwenyewe.