Mjapani wa Ibra

Mtaani kwao Ibra walimwita Al-Yabani, yaani Mjapani, na yeye jina hilo alilipenda kwa sababu lilifunika jingine. Jina jingine lilikuwa Zinjibari. Mwalimu Suud bin Majid hakupata kuikanyaga Zanzibar hata siku moja. Alizaliwa Ujiji, akakulia Ujiji, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa kijana, njiani kuja Omani. Lakini watu wa Ibra hawakuwa na haja na ramani. Ukitoka Afrika wewe ni Zinjibari, basi, na neno lenyewe wakilitamka kwa namna ya mtu anayejifuta mkono baada ya kukushika.

Ujapani ulimwingia katikati ya miaka ya tisini, alipochaguliwa kwenda Tokyo na Kyoto katika ziara ya walimu wa historia. Alirudi na kalenda, upepeo wa karatasi na kiburi ambacho hakikupata kumtoka. Tangu hapo, iwe darasani au kwenye sabla ambako wanaume wa mtaa hukaa kunywa kahawa, hadithi ikawa ni hiyo hiyo moja. Na tumpe haki yake, alijua kuisimulia. Alianza na watu wa kale waliofinyanga vyungu vyenye alama za kamba, maelfu ya miaka kabla ya Nabii Isa. Akapita kwenye mpunga na chuma, kwenye wafalme waliozikwa ndani ya vilima vilivyojengwa kwa mikono, kwenye mabibi wa ikulu ya Kyoto waliopelekeana mashairi. Alipofika kwa samurai sauti ilipanda. Wamongolia wakaja mara mbili kwa merikebu, mara mbili tufani ikawazamisha. Wareno wakatimuliwa.

"Sisi tuliwatimua Maskati," alikuwa akisema akigonga meza, "na wao walikwisha kuwatimua kwao kabla yetu!"

Kisha nchi ikafungwa mlango kwa zaidi ya miaka mia mbili, Waholanzi na Wachina wakiachiwa upenyo wa biashara kule Nagasaki, hadi meli nyeusi za Wamarekani zilipokuja kubisha kwa mizinga. Hapo tena Wajapani wakaamka, wakajenga viwanda, wakampiga Mrusi mpaka dunia ikashangaa. Waliyowatenda Wakorea na Wachina aliyapita mbiombio, kama mtu anayeruka tope. Hiroshima aliisimulia mpaka wanafunzi wakalia. Mwisho alifungua dirisha la darasa akaonyesha magari yaliyopangwa nje kwenye jua.

"Nioneshe moja ambalo si lao," alisema. "Na siri yao ni nini? Damu! Hawakuchanganyika na mtu."

Mpunga ule na chuma kile vilikuja na nani, hilo hakulisema. Alikuwa amelisoma na analijua vizuri, akalinyamazia, kwa sababu hadithi yote hiyo hakuisimulia kwa ajili ya Wajapani. Aliisimulia ili watu wa sabla waseme: huyu naye ni wa damu moja, hakuchanganyika.

Kumbe nyumbani kwake alikaa Bi Kuruthum, mama yake mzazi, aliyezaliwa na mwanamke wa Kimanyema. Alikuja naye kutoka Ujiji, mweusi, mchangamfu, na Kiswahili chake kikisikika mpaka barabarani. Wageni wakija, Suud humwambia, "Mama, kaa ndani, tuna mazungumzo," na Bi Kuruthum huchukua uzi wake na kofia anayoidarizi akaenda chumba cha nyuma. Kila Jumatano hubeba kofia zake akaenda kuziuza kwenye soko la wanawake la Ibra, ambako mwanamume hatii mguu. Anakaa na nani huko, anazungumza nini, mwanawe hakupata kumuuliza. Aliona ni afadhali akauzie mahali ambapo wanaume hawamwoni.

Mwaka 2002 ikaja posa. Mohannad, kijana wa Sinaw aliyesoma chuo kimoja na Shahad, alimtaka binti huyo wa Suud, na Shahad alimtaka yeye. Baba yake Mohannad alikwisha kufa, na mwenye kauli alikuwa mjomba wake Musallam, mtu wa mifugo na mashamba ya tende, mkali, mwenye nasaba ndefu anayeijua kwa moyo. Suud usingizi ulimpaa kwa furaha. Akimwoza Shahad kwa watu wale, nani tena Ibra nzima atamwita Zinjibari? Aliitaka ndoa ile kuliko hata bintiye alivyoitaka.

Siku ya wageni, baada ya chakula cha mchana, Shahad alimkuta baba yake akijipulizia manukato na kujisomea maneno ya kusema.

"Baba, leo usiwaambie mambo ya Japani. Tafadhali."

"Kwa nini? Ni elimu."

"Si kweli, ndiyo maana. Kitabu yetu ya chuo imesema, watu wametoka Korea, wamekuja na mpunga, wameoana na wale wa zamani." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini macho hayakumtoka baba yake usoni. "Na mfalme wao mwenyewe, wallahi, juzi tu kasema mbele ya magazeti kwamba bibi yake wa zamani, mama wa mfalme aliyejenga Kyoto, alitoka ukoo wa Korea. Mfalme, Baba! Hakuona haya."

"Maneno ya magazeti."

"Bibi leo atakaa wapi?"

"Atakaa anapokaa siku zote."

"Basi wewe humfikii huyo mfalme," Shahad akasema kwa Kiarabu, akatoka.

Wageni walifika baada ya alasiri: Musallam, wazee wawili wa kwao, na Mohannad aliyeinamisha kichwa. Musallam hakufunga kilemba. Alikuja na kofia tupu, kama mtu anayepita dukani, na Suud aliiona dharau ile akaimeza. Halwa ikaliwa, kahawa ikazunguka, na ukimya wa Musallam ukamtia Suud kiwewe. Akaanza. Vyungu vya kamba, wafalme wa vilimani, samurai. Wazee walisinzia. Musallam alimtazama tu bila kupepesa.

"Na wamefika walipofika," Suud akamalizia, jasho likimtoka, "kwa sababu walilinda damu yao. Taifa likichanganyika limekwisha."

"Umesema kweli, ya ustadh," Musallam akajibu kwa mara ya kwanza. "Nasi kwetu Sinaw tunasema hivyo hivyo. Basi niambie. Baba yako tunamjua, alitoka hapa hapa Ibra. Mama yako ni binti wa nani?"

Pale angeweza kusema. Neno lilikuwa dogo tu, na mtu wa kumshuhudia alikuwa hatua chache nyuma ya pazia. Lakini Suud alikwisha kulifunga taifa zima la Wajapani kwenye ulimi wake, akaona akisema kweli ataonekana mpumbavu. Aliogopa, hakuna zaidi ya hilo.

"Mama alikuwa wa watu wa Sur," akasema. "Alifariki zamani, tukiwa bado Afrika."

"Allah yirhamha," Musallam akamwombea rehema polepole.

"Allah yirhamha," mzee mmoja akaitikia, na wa pili naye.

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya bibi kizee ikasema wazi, bila kutetemeka: "Amin."

Mohannad akainua uso.

"Nani huyo?" Musallam akauliza.

"Mtumishi. Amezeeka, haelewi mambo."

Musallam akavua kofia yake akaiweka kwenye zulia, karibu na vikombe. "Kofia hii dada yangu Wadha, mama yake kijana huyu, alininunulia kwa huyo mtumishi wako. Kila Jumatano wanakaa mkeka mmoja sokoni. Wadha anajua bibi huyo alizaliwa wapi, mama yake alikuwa nani, na wewe ulimsumbua vipi utotoni kwa homa. Mimi ndoa hii sikuitaka, nakwambia usoni. Nilisema hawa wamechanganyika. Wadha akalia, akaapa kwamba mtoto aliyelelewa na mwanamke yule atamchukua hata angetoka wapi. Akanishinda. Nilikuja kukuuliza swali moja tu, ukijibu kweli, nikupe mkono twende zetu."

"Sheikh, nisikilize..."

"Nimekusikiliza tangu vyungu vya Japani. Nilikuwa natafuta sababu, na umenipa mwenyewe. Ahsante."

"Khali, mjomba wangu, tafadhali," Mohannad akasema.

"Simama."

Wakatoka. Kofia ikabaki pale chini. Shahad aliingia akaiokota, akamtazama baba yake kwa chuki isiyojificha. Nyuma yake alisimama Bi Kuruthum, sindano bado mkononi.

"Bibi, mwambie kitu!"

"Nimwambie nini, mjukuu wangu? Keshanizika. Dua ya maiti yangu nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikaiitikia amin. Mimi sina neno naye tena."

Asubuhi Suud alikwenda chumba cha nyuma kama kila siku. "Shikamoo, mama," akasema. Bi Kuruthum aliendelea kudarizi. Akarudia. Mkewe Mabruka akapita na chai, akasema shikamoo, na bibi akamwitikia marahaba, mwanangu, umelalaje. Suud alisimama pale mlangoni na shikamoo yake haikupata wa kuipokea.

Ikawa hivyo, siku nenda siku rudi. Mohannad aliozwa Sinaw na mjomba wake. Shahad alipata kazi ya ualimu Nizwa, akawa anakuja Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko, anapitiliza mpaka chumba cha nyuma, anaondoka bila kukaa majlisi na baba yake. Posa nyingine zilizokuja alizirudisha mwenyewe. Kwenye sabla habari ilitangulia kufika, na vijana wakampa Suud jina la tatu lisilotamkwa mbele yake, lakini alilijua. Japani aliiacha. Mwanafunzi akiuliza, humwambia asome kitabuni. Nyumbani shikamoo yake aliipeleka kila asubuhi, wakati mwingine kwa hasira, wakati mwingine karibu na kulia. Bibi alizungumza na Mabruka, na majirani, na paka. Jumatano alikwenda sokoni akakaa na Wadha kwenye mkeka ule ule. Lakini mwanawe, bibi hakumtupia hata tusi.

Bi Kuruthum alifariki mwaka 2006, kabla ya Ramadhani. Suud alilia mbele za watu, akasema "mama yangu, mama yangu" kwa Kiswahili, kwa sauti, asijali nani anasikia. Kwenye sabla alikaa mwanzo wa safu akipokea mikono ya waliokuja kuhani. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotazamia, wengi wao wametumwa na wake zao, wanawake wa soko la Jumatano. Siku ya pili akaingia Musallam, aliyemleta Wadha kutoka Sinaw. Safari hii alifunga kilemba.

Alianza mwisho wa safu. Kwa kila jamaa wa marehemu alisimama, akashika mkono, akasema maneno ya kuhani, "Adhama Allahu ajrak." Akamwambia binamu, akamwambia jirani, akamwambia hata kaka yake Mabruka ambaye marehemu hakuwa wa damu yake. Suud akasimama, mkono ameunyoosha, machozi yakimtoka.

Musallam aliutazama ule mkono.

"Wewe tulikwisha kukuhani," akasema, akaenda kukaa.