Baba Amevaa Suti

Picha iliingia kwenye simu nikiwa Mbamba Bay, nimesimama nyuma ya ofisi ya walimu ambako mtandao unashika. Nilikuwa nimeisubiri kama mgonjwa anavyosubiri majibu ya vipimo. Nikaifungua, nikamwona baba yangu amevaa suti nyeusi na tai nyekundu, nyuma yake maporomoko ya maji na maua ya rangi ambazo Mungu hakuziumba. Baba yangu ni mkulima wa Mkumbi. Hajawahi kufunga tai, hata siku ya harusi yake.

Kamera nilipewa na fundi picha mmoja wa Mbinga mjini, rafiki yangu, ambaye zamani alikuwa akipiga kwa filamu na sasa anaishi kwa picha za pasipoti na kipaimara. Ilikuwa imelala kabatini kwake: sanduku lenye macho mawili, unalitazamia kwa juu umeinamisha kichwa, linalokula filamu pana iliyoviringishwa pamoja na karatasi yake. Ni yeye aliyenifundisha. Picha ni za mraba, nazo ni kumi na mbili tu, kwa hiyo hubonyezi ovyo. Kitu kikienda kulia, kwenye kioo kinakwenda kushoto. Roli yangu ya kwanza niliimaliza ufukweni nikimfukuza mbuzi mmoja kwa upande asiokuwepo. Nilipoitoa nikaiviringisha kilegevu, mwanga ukapenya pembeni, nusu yake ikaungua. Fundi alinicheka mpaka akakaa chini.

Kusafisha filamu nako nilijifunzia kwake. Unaipakia kwenye tangi ndani ya mfuko mweusi, mikono inapapasa bila msaada wa macho. Kisha tunaianika kwa vibanio vya nguo, tukiwa tumenyunyizia sakafu maji kwanza, maana vumbi la Mbinga wakati wa kiangazi halina adabu. Skana yake haikuwa na kishikio cha filamu pana, basi akakata kimoja kutoka kwenye boksi la viatu ili filamu isigandamane na kioo. Alikikata kwa wembe, taratibu, ulimi nje kidogo. Mtu anayefanya kazi namna ile nilimwamini, na mpaka leo najishangaa.

Roli ya baba ndiyo niliyokuwa nimeifanyia mazoezi yote hayo. Nyumbani hatuna picha yake, ukiacha ile ndogo ya kitambulisho ambayo anafanana na mtu aliyekamatwa. Mwaka huu amekonda, anakohoa, akipanda mlima anasimama kila mara akijifanya anatazama mahindi. Niliogopa. Nilitaka picha moja ya kweli kabla sijachelewa, akiwa kwenye ngolo zake, yale mashimo yetu ya mlimani yanayochimbwa kati ya nyasi zilizolazwa mraba mraba. Miraba ndani ya mraba. Niliiona kichwani kabla sijaipiga.

Asubuhi ile baba alitoka ndani amevaa shati jeupe la misa, vifungo vyote mpaka shingoni. Nikacheka. Nikamwambia hapana baba, vaa lile sweta lako la shamba, lililotoboka viwiko. Akasema, "Sawa, mwanangu," akarudi kubadilisha. Nikapiga zote kumi na mbili, nikamwachia fundi asafishe na kuskani, nami nikateremka ziwani kufundisha.

Na sasa naletewa suti!

Jumamosi nikapanda Mbinga. Fundi alikuwa akimpanga mteja kwenye kiti.

"Karibu, Mwalimu."

"Sijakaribia. Nani alikutuma?"

Akaishusha kamera yake. "Mzee mwenyewe alikuja. Nikamwonyesha kwenye kompyuta, akaitazama sana. Akauliza kama naweza kumvika suti, kama ninavyowavika wengine."

"Na wewe ukamvika."

"Ni baba yako, Mwalimu. Ningemkatalia vipi?"

"Haya, nionyeshe zile halisi."

Hapo ndipo alipoacha kunitazama. "Alisema nizifute. Filamu akaondoka nayo."

"Ukafuta?"

"Nilifuta."

Niliyomwambia siyaandiki hapa. Mteja aliondoka bila picha, na urafiki wetu uliishia pale pale kwenye kile kiti. Angeweza kunipigia simu. Hilo tu, simu moja, na kila siku alikuwa akinitumia vichekesho.

Nilifika Mkumbi hasira haijashuka. Picha ya suti ilikuwa sebuleni, imetiwa fremu, imetundikwa karibu na Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mama akanipokea mkoba, akaniuliza kama nimeona mzee alivyopendeza. Kumbe naye alijua. Nyumba nzima ilijua, na siku zote hizo walikuwa wakinipokea simu na kunisimulia habari za mvua. Niliumia kuliko nilivyoumia studio, kwa sababu fundi unaweza kumtukana.

Baba alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeiona. Filamu iko wapi?"

"Niliitia motoni, jikoni." Akakunja uso. "Inanuka vibaya ile."

Nilikaa chini, kwenye vumbi, na nguo zangu za safari. Machozi yakanitoka na sikuyaficha. Nilimwambia nilizipenda picha zile, hata kabla sijaziona, kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Nilimwambia amenidanganya.

"Ulinikubalia, baba. Ulisema sawa. Kama ulikuwa hutaki, kwa nini hukuniambia?"

Akaweka ungo chini. Akanitazama kwa macho yale yale niliyoyaona kwenye kioo cha kamera, yaliyonifanya siku ile nibonyeze haraka nisije nikayapoteza.

"Nilikuambia," akasema. "Nilitoka ndani nimevaa shati la misa."