Nywele za Kusukwa na Mama

Wiki ile sikutulia. Nikiwa kwenye banda langu la kuchomelea vyuma hapa Voi, mawazo yalikuwa kwenye simu. Nikishika simu, nakumbuka geti la watu halijaisha. Niliunguza kidole kama aliyeanza kazi jana.

Mke wangu alikuwa ng'ambo, mwaka wa tatu wa uzamifu, tena akifundisha hukohuko chuoni. Tiketi ya kuja Agosti alishakata. Binti yetu, aliyeachwa akijifunza kutembea, sasa ana miaka minne, na habari za mamake kuja alimpa kila mtu hadi mama anayetuletea mboga kutoka Bura. Na kwa kuwa mamake alimwahidi kwenye simu, "Usisukwe, nitakuja kukusuka mwenyewe," alikataa katakata kuguswa kichwa. Nilimpeleka saluni, akalia mpaka wateja wakanitazama vibaya. Nywele zikawa kichaka.

Ndipo serikali ya kule ikatangaza kwamba watu wa nchi kadhaa, sisi tukiwemo, hawataruhusiwa kuingia. Aliye ndani abaki. Akitoka, asitegemee kurudi. Chuo kikawaandikia wanafunzi na walimu wote wageni: msisafiri.

Jamani, nilipandwa na hasira! Mamangu kule Taveta huvuka mpaka kwenda Holili, upande wa Tanzania, ananunua vitunguu, anapiga porojo na mashemeji, anarudi kabla jua halijawa kali. Hakuna anayemsumbua. Na huyu wangu, aliyesoma mpaka akavaa miwani, afungiwe kama kuku?

"Nakuja," aliniambia jioni hiyo. "Liwe liwalo. Huyu mtoto ataishia kuniita shangazi."

Nilimwambia tufikirie kwanza. Fikira gani! Nilikuwa nafurahia tu. Nikazunguka uani, nikapaka rangi dirisha ambalo halikuhitaji rangi, nikalala macho wazi nikisikiliza malori yakishuka kuelekea Maungu. Lakini moyoni nilijua. Alibakisha mwaka mmoja tu amalize. Akija, jasho lote hilo limeenda bure, na siku moja tutakaa mezani tukitazamana, kila mmoja akijua ni kwa sababu ya nani.

Nikampigia. "Usije."

Nilitegemea abishe. Sisi hubishana hata juu ya chumvi. Hakubisha. Nilimsikia tu akishusha pumzi, ndefu, nikajua siku zote hizo alikuwa akingoja niseme mimi. Iliniuma, sitadanganya. Iliniuma sana.

Asubuhi nilimketisha binti yetu katikati ya magoti yangu, nikachukua kitana na mafuta. Vidole vya mchomeleaji, hebu fikiria! Alipohisi kitana kichwani aligeuka haraka, macho yamemtoka.

"Mama amefika?"

"Bado," nikasema. "Kaa vizuri."

Alinitazama kidogo. Kisha akageuka, akainamisha kichwa nimsuke.