Ushuhuda Nilioukatiza Njiani

Aibu hii siwezi kuificha kwa sababu kanisa zima la mabati pale mtaani kwetu Mowlem liliiona, na mpaka leo nikikutana mjini na mtu wa kanisa lile najifanya naangalia saa, na saa yenyewe sina.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nimemaliza shule, kazi hakuna, nikajiambia mimi ni mwandishi (sijui nani alinidanganya). Nikapeleka hadithi kwa mhariri wa jarida fulani mjini, akasoma ukurasa mmoja akanirudishia. "Kijana, unamaliza mambo haraka mno," akasema. "Jizoeze kusimulia mbele ya watu, na ukifika penye utamu, katiza. Waache na hamu." Nikarudi nyumbani nikiwaza watu nitawatoa wapi, kumbe Jumapili wapo, wamekaa tayari, na wakati wa ushuhuda yeyote anaruhusiwa kusimama.

Jumapili hiyo mama hakuwepo, alikuwa mtaa wa Lucky Summer kwa dada yake aliyejifungua. Nikasimama. "Bwana asifiwe!" "Amina!" Nikaanza na malaria ya mama, ambayo kweli alikuwa ameugua mwezi uliopita, lakini nikaona mzee mmoja pale mbele anapiga miayo, ikaniuma, nikaongeza daktari anayetikisa kichwa, nikaongeza uji wa kulishwa kwa kijiko, halafu nikasema asubuhi moja mama alijaribu kushuka kitandani, miguu ikakataa. Mtu akanong'ona, "Yesu!" Na mimi, kwa vile pamekuwa patamu, nikasema asanteni, nikaenda kukaa.

Sasa jamani, ushuhuda wowote huisha mtu akiwa amepona. Wangu uliisha mama akiwa kitandani. Nilipanga kumponya Jumapili iliyofuata.

Siku mbili baadaye, mchana, nikasikia wimbo, ule wa polepole wanaoimbiwa wagonjwa. Kuchungulia dirishani, akina mama wa kanisa hao, wamejifunga leso, wamebeba unga, sukari na maziwa, mbele yao Mama Ayub. Na pale mferejini katikati ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mama yangu, aliyerudi jana yake, mtungi wa lita ishirini kichwani, anamfokea jirani aliyeruka foleni.

Wimbo ukakatika.

"Mama Wafula," Mama Ayub akasema, "umesimama?"

"Kwani nikae, na maji yanakaribia kuisha?"

Wakamweleza kilichowaleta. Mama akasikiliza mpaka mwisho na mtungi bado kichwani, kisha akageuka akanitazama dirishani. Mnisikie vizuri: Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo walikuwa wachague kiongozi wa akina mama, na jina lililokuwa likitajwa ni lake, mama aliyefagia kanisa lile tangu halina hata mlango. Mama Ayub akakumbatia unga wake. "Kumbe siku hizi mtu anatuma mtoto amuugulie ili aletewe vyakula," akasema, na wakaondoka navyo vyote.

Hakunipiga, na heri angenipiga. Alisema tu, "Wafula, jina langu umelimwaga," akaingia ndani kusonga ugali huku analia, na mimi nikatamani ardhi ya Mowlem yote inimeze.

Jumapili akanishika mkono kama mtoto wa nasari, tukakaa safu ya mbele. Wakati wa ushuhuda akasimama.

"Bwana asifiwe. Huyu kijana wangu aliwaachia hadithi njiani, nimekuja kuimalizia. Nilishikwa na malaria. Nikameza dawa. Nikapona, nikafua nguo. Imeisha."

Hakuna aliyepiga miayo, hata yule mzee.

"Sasa mgonjwa aliyebaki ni huyu hapa. Mniombee."

Wee! Kanisa lilicheka mpaka mabati yakatetemeka, Mama Ayub amejiziba mdomo kwa leso, machozi yanamtoka. Nikapigishwa magoti, mikono kumi ikashika kichwa changu, pepo wa kuongeza chumvi akakemewa kwa muda mrefu kuliko mahubiri. Baada ya hapo wakapiga kura, na mama akapita.

Bado naandika. Lakini niliapa siku ile nikiwa bado nimepiga magoti, na sijavunja: kwenye hadithi zangu watu huvunjika miguu, hufukuzwa kazi, hata hufa, ila akitokea mama wa mtu, huyo hata mafua simpi.