Mama Alipopunguza Perege

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu aliingia bwawani na wavu bila kumwomba baba ruhusa. Nilikuwa binti mdogo kule Shishiyu, na nililia kama niliyefiwa.

Baba alikuwa mfugaji hasa. Alipochimba lile bwawa kando ya majaruba ya mpunga na kupandikiza perege, aliwachukulia kama ng'ombe: wazae, wajae, wasiguswe. Mgeni akifika, hata kiti hajapewa, anapelekwa kuonyeshwa maji. "Humu nina mali," baba anasema, na usiku tunakula ugali kwa mlenda.

Perege walizaa kweli, lakini wakadumaa, kila mmoja kama kidole. Baba akaona amedhalilika. Akaapa kubomoa kingo, maji wanywe ng'ombe, na habari za samaki ziishie hapo.

Ndipo mama akaingia na wavu. Akatoa ndoo kwa ndoo, akawagawia majirani. Baba akaja mbio.

"Mama Kulwa, mbona unanimalizia zizi?"

"Baba Kulwa, hawa si ng'ombe. Wamebanana, chakula hakiwatoshi. Niachie hadi tuvune pamba. Wasipokua, bomoa, sitasema neno."

Baba aligeuka akaondoka. Mama hakulegea: asubuhi samadi ya kurutubisha maji, jioni pumba na mashudu ya pamba, na kila vifaranga walipozidi, wavu. Mimi nilimnunia wiki nzima, wala hakujali.

Pamba ilipovunwa, akavuta wavu baba akiwa anatazama. Perege mmoja alijaza sahani, mkia ukabaki nje. Baba akala, akanawa. Kisha akauliza, "Mama Kulwa, na mimi nitapata wapi wavu?"

Sasa wewe, mwanangu, umechimba mabwawa yako hapa Bariadi, na jana umeniambia samaki hawalipi, unataka kufukia. Imeniuma. Usifukie! Nimeyaona hayo maji, yamejaa samaki kupita kiasi na wewe unaona fahari. Vua. Tenga wadogo na wakubwa, walishe, uza, kula, kisha pandikiza tena. Nchi hii haitashiba samaki wa kutazama. Na atakayekucheka kwa kupunguza, mwache acheke, wewe endelea kuvua.

Mungu aibariki mikono yako, akupe mvua ya kutosha na ukaidi wa mama yangu, na kila wavu utakaouvuta utoke mzito.