Jina Aliloliacha Enid Garbett

Enid Garbett alitunga riwaya za malodi, wale mabwana wenye vyeo wa Kiingereza, mimi nikampigia chapa kwa taipureta, na kwa miaka mingi tuligombana jikoni kwake Ludlow huku skonzi zikipoa. Mie napenda mambo yapendeze. Yeye alitaka yawe kweli: binti wa lodi aitweje, mke wa nani atangulie kuingia mezani. Hapo hakutaka masihara.

Mwaka ule tulikuwa na kisa cha Ledi Ashcombe, mjane wa lodi, aliyependana na mtunza bustani wake, Pugh. Na mwaka huohuo Cyril Tranter, fundi saa wetu, alikuwa ameleta posa kwa Enid, naye hajajibu. Mume wake alifia vitani, na jina la marehemu ndilo lililouza vitabu vyake vyote.

"Aolewe, lakini abaki Ledi," nikamwambia. "Wasomaji watafurahi."

"Cheo alikipata kwa mume. Akiolewa na Pugh, ni Bibi Pugh, basi."

"Mbona wako wanaoendelea kujiita Ledi, na watu wanawaitikia?"

"Wanaitikiwa kwa adabu tu, haki hawana. Humkumbatii mume mpya umevaa koti la yule wa zamani, shoga."

"Haya, na wewe lako utalivua lini?"

Akainuka akaweka birika motoni. Nilijua nimemgusa penyewe, nikaujutia ulimi wangu. Mwishowe akasema niandike: aliingia kanisani Ledi Ashcombe, akatoka Bibi Pugh. Mchapishaji alinuna, lakini akakitoa.

Cyril hakuwa msomaji. Lakini kitabu hicho alikisoma chote, akaja mlangoni kofia mkononi.

"Yule mama kaacha cheo chote kile?"

"Kaacha."

"Na wewe je, Bi Enid?"

"Ngoja nivue aproni."

Tangu siku ya harusi yao hakuandika Garbett popote. Aliambiwa jina la Enid Tranter halitauza vitabu, na kweli halikuuza. Wala hakujali. Alikuwa akicheka jikoni na Cyril wake, nami pembeni nikila skonzi. Jamani, nazikumbuka mno zile alasiri.

Mpaka leo kina mama huja kwa basi kulitafuta kaburi la Garbett. Nawapeleka penye jiwe la Enid Tranter, mke wa Cyril. Juzi mmoja alilalamika, eti wangeongeza na lile jina maarufu.

"Haki hana," nikamwambia.